Vikorombwezo vya gari la Japani: kipi kina thamani hapa, kipi ni pambo

WAFANYABIASHARA wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wanajua kupima injini kwa sikio na bodi kwa jicho. Fedha nyingi hupotea kimyakimya kwenye vikorombwezo: redio yenye skrini, ramani, kiyoyozi kinachojirekebisha, kamera na breki zinazojifunga zenyewe. Vitu hivyo hupandisha bei ya gari kwenye mnada huko Japani, lakini si vyote vinavyoshuka Dar es Salaam au Mombasa na thamani ileile.

Sababu yake si ngumu. Gari hilo halikutengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Lilitengenezwa kwa barabara za Japani, masafa ya redio ya Japani na dereva anayesoma Kijapani, kisha likauzwa mara ya pili. Baadhi ya vifaa vyake husafiri salama, vingine hufia bandarini, na vingine hufanya kazi nusu nusu. Hivi vya mwisho ndivyo vya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mwenye gari huvitegemea akidhani ni vizima.

Redio ndiyo inayolalamikiwa kwanza. Kwa miaka mingi Japani ilitangaza FM kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye eneo hilo likapanuliwa hadi 95. Afrika Mashariki hutumia 87.5 hadi 108. Maana yake ni kwamba redio iliyokuja na gari hupata kipande kidogo tu cha chini. Dereva wa Dar es Salaam ataisikia Wasafi FM kwenye 88.9, lakini Times FM iliyoko 100.5 hataipata. Nairobi hali ni mbaya zaidi, kwani Capital FM iko 98.4 na Radio Citizen 106.7.

Dawa ya bei nafuu ni ekspanda, kidude kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa kiasi maalumu. Ikiwa ni ekspanda ya megahezi 20, Capital FM itasikika redio ikionyesha 78.4, na Radio Citizen 86.7. Lakini kinachoshushwa hushushwa chote. Stesheni ya 88 huangukia 68, mahali ambapo redio haifiki kabisa, isipokuwa mawimbi yake yawe na nguvu ya kupenya bila kushushwa; hapo nazo huweza kugongana na stesheni nyingine. Kwa hiyo kabla ya kununua ekspanda, mwenye gari aandike stesheni anazozisikiliza, afanye hesabu ya kutoa, ndipo achague.

Dawa ya gharama zaidi ni kubadili redio nzima. Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya redio yenye upana wa milimita 200, na redio za Android zinazoletwa kutoka China hutengenezwa kwa kipimo hicho. Tatizo si kuingia kwenye tundu. Kamera ya nyuma na vitufe vya usukani huunganishwa kwa plagi za redio ya awali, na fundi asiye na adapta yake hukata waya. Mteja huondoka na muziki mzuri huku kamera imekufa. Bei ikubaliwe baada ya fundi kuthibitisha kwamba kamera na vitufe vitabaki vikifanya kazi, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kuweka gia ya rivasi na kuona picha.

Ramani zilizomo kwenye skrini za Kijapani hazina kazi hapa, kwani ni ramani za Japani. Televisheni nayo vivyo hivyo. Japani hutumia mfumo wa kidijitali wa ISDB-T, wakati Tanzania na Kenya zinatumia DVB-T2, hivyo skrini hiyo haitaonyesha chaneli hata moja. Kilicho hatari zaidi ni kadi ya SD. Katika seti nyingi za Toyota programu na ramani hukaa kwenye kadi hiyo, na ikichomolewa skrini hugoma na kuomba irudishwe. Baadhi ya seti hujifunga pia betri ya gari ikitolewa, mpaka iwekewe namba ya siri. Kadi ni ndogo na hupotea kirahisi kati ya yadi ya Japani na yadi ya hapa. Mwagizaji amtake muuzaji apige picha kadi ikiwa mahali pake, na fundi aulizwe kuhusu namba ya siri kabla ya kugusa betri.

Kuna pia sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani gari linapowashwa. Wapo wanaodhani ni salamu. Ni kifaa cha ETC, kinachotumika kulipia barabara za kasi za Japani, kikitoa taarifa kwamba kadi ya malipo haimo. Fundi wa umeme akichomoa plagi yake, mwanamke huyo hunyamaza na gari haliathiriki kwa lolote.

Kwenye starehe, kiyoyozi ndicho kikorombwezo kinachosafiri vizuri kuliko vyote. Chenye AUTO kina faida kwa anayejua kukiacha kijiendeshe: weka nyuzi 24 au 25 na usiguse tena. Wengi huweka cha chini kabisa wakidhani gari litapoa haraka, kisha hufungua dirisha kwa baridi. Gari lililoanikwa juani lifunguliwe vioo kwanza hewa ya moto itoke. Baadaye vioo vifungwe na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kibonyezwe. Chujio la hewa, ambalo katika magari mengi hukaa nyuma ya boksi la dashibodi, huziba mapema kwa vumbi la barabara za changarawe. Madai mengi ya "gesi imeisha" huishia kwenye chujio hilo.

Walionunua hybridi kama Toyota Aqua kwa ajili ya taksi za mtandao wana jambo la ziada la kulinda. Kompresa ya kiyoyozi chake haizungushwi na mkanda wa injini. Huendeshwa kwa umeme wa volti kubwa, na mafuta yake ni ya aina maalumu yasiyopitisha umeme. Fundi wa mtaani akiongeza gesi pamoja na mafuta ya kompresa za kawaida, kinga ya umeme hupungua na kompresa inaweza kuharibika, nayo si ya bei ndogo. Tena betri kubwa ya gari hilo hupozwa kwa hewa ya ndani, inayovutwa kupitia tundu lililoko kwenye kiti cha nyuma. Abiria akiziba tundu hilo kwa begi, au vumbi likilijaza, betri hupata joto. Kwa mwenye taksi, kiyoyozi kizima na tundu safi ni sehemu ya kulinda mtaji.

Viti vinavyopashwa joto vinaweza kumfaa mkazi wa Makete. Dar es Salaam havina mnunuzi.

Mifumo ya kumsaidia dereva ndiyo mipya sokoni, na ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko maelezo. Subaru ilianza na EyeSight mwaka 2008, inayotumia kamera mbili juu ya kioo cha mbele. Toyota Safety Sense ilianza mwaka 2015 kwenye Corolla Axio na Fielder. Aina ndogo, iliyoitwa C, ina kamera moja na miali ya leza nyuma ya kioo. Aina kubwa, P, ina kamera kwenye kioo na rada nyuma ya nembo ya mbele. Magari hayo sasa yamejaa sokoni, hasa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa haliruhusiwi kuingia.

Mnunuzi ajue hasa anachouziwa. Breki za kujifunga za aina C ya awali hufanya kazi gari likiwa kati ya takriban kilomita 10 na 80 kwa saa. Zilibuniwa kutambua gari lililo mbele, wala si mtembea kwa miguu. Aina P ndiyo iliyokuja na uwezo wa kumwona mtu. Dereva anayejua kwamba gari lake lina breki za kujifunga, lakini hajui ni za aina gani, yuko hatarini kuliko asiye nazo. Mkokoteni usio na taa usiku, bodaboda inayokatisha na ng'ombe barabarani havimo kwenye hesabu ya mfumo huo.

Onyo la kutoka kwenye mstari huanza kazi kwenye kilomita 50 kwa saa na kuendelea, na sharti mistari ionekane. Kwenye lami iliyofutika rangi au kwenye changarawe hukaa kimya. Mifumo hii huzimwa na kuwashwa kwa vitufe vilivyo kwenye dashibodi au usukani. Ile ya breki kwa kawaida hubonyezwa kwa sekunde 3 hivi, nayo hujiwasha tena gari likiwashwa upya. Maandishi ni ya Kijapani, lakini kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri huyasoma vizuri kiasi cha kutosha.

Jambo ambalo halisemwi yadini ni kwamba mifumo hiyo huharibiwa na matengenezo ya kawaida kabisa. Jiwe la lori likipasua kioo cha mbele, mwenye gari hukimbilia kioo cha bei rahisi, iwe Gerezani au Kirinyaga Road. Kamera ikirudishwa bila kupimwa na kurekebishwa upya kwa kifaa chake, hutazama pembeni kidogo, na kidogo hicho ni mita nyingi kule mbele. Kuinua gari kwa spesa hubadili pia pembe ya kamera. Ngao ya chuma mbele ya bampa, au nembo ya kung'aa iliyonunuliwa barabarani, huizuia rada. Hata stika ya usalama barabarani, ikibandikwa katikati ya kioo juu, huiziba kamera. Mahali pake ni upande wa abiria, chini.

Hivyo taa ya njano ya mfumo huo ikiwaka kwenye dashibodi, isidharauliwe wakati wa kununua. Inaweza kuwa ni uchafu kwenye kioo. Inaweza pia kuwa dalili kwamba gari liligongwa mbele na kuundwa upya. Na ikiwa haiwaki kabisa, hata kwa sekunde chache za mwanzo swichi inapofunguliwa, kuna uwezekano kwamba mtu ameizima kwa makusudi.

Kwa mwagizaji, mahali pa kuokoa fedha ni kwenye karatasi ya mnada. Alama zake ni chache: AAC ni kiyoyozi cha kujiendesha na AC ni cha kawaida, AW ni rimu za aloi, SR ni paa linalofunguka. Kikokotoo cha ushuru cha TRA huuliza aina ya gari, modeli, mwaka, nchi, mafuta na ukubwa wa injini. Hakiulizi kuhusu skrini. Magari mawili ya Fielder ya mwaka mmoja, moja lenye ramani na televisheni na jingine lenye redio ya kawaida, yanaweza kukadiriwa sawa forodhani huku yakiwa yamepishana kwa bei huko yalikonunuliwa. Anayeuza kwa wenye taksi achukue la pili na tofauti aiweke kwenye matairi.

Kuna badiliko moja la kuangaliwa. Tangu Septemba 2019, Corolla mpya za Japani, ikiwamo Corolla Touring, hutoka kiwandani na skrini iliyounganishwa na gari lenyewe, si seti ya kuchomoa na kuweka nyingine. Muziki kwa Bluetooth utapigwa, lakini lugha itabaki Kijapani na ile redio ya Android ya milimita 200 haitaingia. Mwenye yadi anayeagiza modeli hizo aulize mapema fundi gani anaimudu kazi hiyo na kwa bei gani, kabla hajamwahidi mteja skrini ya Kiingereza.