Usiache Dawa ya Presha kwa Kujisikia Nafuu

Baadhi ya wagonjwa wa presha huacha dawa wanapojisikia nafuu. Utafiti kuhusu moyo unaonyesha hatari ya kufanya hivyo.

Presha ikishuka, figo hutoa renini, ambayo huanzisha kutengenezwa kwa anjiotensini. Kemikali hii hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Awali wanasayansi waliichunguza zaidi katika damu. Baadaye waligundua kwamba hutengenezwa pia ndani ya nyama ya moyo, ambako kiwango chake huweza kuwa juu kuliko katika damu. Ikizidi kwa muda mrefu, ukuta wa moyo hunenepa na kukakamaa, mara nyingi bila dalili zozote.

Enalapril hupunguza kutengenezwa kwa kemikali hii, nayo losartan huizuia kufanya kazi. Dawa ikiachwa, kinga hiyo huondoka.

Mgonjwa anayepata kikohozi kikavu akitumia enalapril amweleze daktari ili abadilishiwe dawa. Dawa hizi mbili hazifai kwa wajawazito, kwani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayezitumia akishika mimba, afike kituo cha afya mara moja apewe dawa nyingine.