MAJANI YA MPERA NA KUHARA: DAWA INAPIMWA NAMNA GANI?



Hapa Kindu, mtu akianza kuhara, wengi hawaanzi na dispansere. Wanachuma majani ya mpera, wanayachemsha, wanamnywesha mgonjwa. Je, wanakosea?

Mwaka 1999 watafiti wa Universite ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Antwerp huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima dawa za mimea ambazo watu wa Kinshasa hunywa kwa kuhara. Kazi hiyo hufanywa hivi: mikrobi zinaoteshwa ndani ya kisahani, kisha zinatiliwa maji ya majani. Zikishindwa kuota, dawa ina nguvu. Amiba zinapimwa peke yake. Tena wanaangalia kama dawa inalegeza utumbo wa mnyama unaojikaza. Majani ya mpera yalionyesha nguvu katika mambo hayo matatu.

Basi wazee wetu hawakusema uongo. Lakini sikia vizuri: kisahani si tumbo. Katika laboratwari kipimo kinajulikana. Katika sufuria ya nyumbani, dawa ya leo ni kali, ya kesho ni nyepesi. Tena kinachoua upesi katika kuhara ni kukaukiwa na maji. Majani ya mpera hayarudishi chumvi iliyopotea.

Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Chukua litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Angalia: chupa kubwa ya bia haifiki litri 1. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, kila mara anapohara.

2. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Omba vidonge vya zinki dispansere. Anavitumia siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha.

3. Mtoto chini ya miezi 6 usimpe maji ya majani. Ziwa la mama, na dawa ya munganga tu.

4. Kimbia dispansere ukiona damu katika choo, macho yameingia ndani, mgonjwa hawezi kunywa, au choo ni kama maji ya mchele. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa kolera.

5. Kama umekunywa dawa ya majani, mwambie munganga. Hatakugombeza, anataka kujua.

Wewe unayeshuka shimoni, usifiche kuhara kwa kuogopa kupoteza siku. Mtu aliyekaukiwa na maji anapata kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya ngazi au karibu na mashine kinaweza kukuua wewe na mwenzako. Mwambie kapita mbele ya kushuka.

Mwisho, maji ya Lualaba yachemshwe, choo kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu. Mpera uache nyumbani kwako: matunda yake ni chakula kizuri. Lakini chumvi na sukari viwe tayari daima.