Sumu ya mshale iliyogeuka dawa ya moyo

Wagonjwa wa moyo ninaowaona Njombe, na wanaopanda kutoka Makambako, huniuliza: "Daktari, hizi digoksini zako na mizizi wanayouza stendi, si zote dawa za moyo?" Swali zuri, na jibu lake lina historia.

John Kirk, Mskoti, alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854. Wengi humkumbuka kama balozi wa Uingereza Zanzibar, lakini kabla ya hapo alifuatana na David Livingstone katika safari ya Mto Zambezi. Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo kwenye mbegu za mmea unaoparamia miti. Husimuliwa kuwa mswaki wa Kirk uligusana na sumu hiyo mfukoni. Alipousugua menoni alihisi uchungu, kisha mapigo ya moyo wake yakapungua. Mwingine angeutupa mswaki na kusahau.

Sumu hiyo ilimfikia Thomas Richard Fraser, ambaye mwaka 1877 alikuwa profesa wa elimu ya dawa Edinburgh. Fraser alikitoa kiini chake, akakiita strofanthini. Alionyesha kwamba kiasi kidogo huufanya msuli wa moyo ubane kwa nguvu zaidi, na kikizidi moyo husimama. Mwaka 1885 alieleza namna ya kuitumia kwa wagonjwa. (Wawindaji waliojua nguvu ya kombe tangu zamani, majina yao hatuna.)

Digoksini hutoka kwenye mmea mwingine, wa Ulaya, ila huugusa moyo kwa njia ileile. Kidonge cha kawaida kina robo ya miligramu tu, na hata hicho huweza kuwa kingi kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Mzizi wa stendi nani ameupima? Miti ya sumu ya mishale huota hata Tanzania.

Ukitumia digoksini, ukaanza kukosa hamu ya kula, kutapika, kuona vitu vya njano au moyo kupiga polepole mno, wahi hospitali siku hiyohiyo. Usiache dawa wala kuongeza bila kuonana na daktari. Na kama unatumia mzizi, njoo nao kliniki. Sitakugombeza, nataka kuuona.