Shamba la Ukoo: Habari za Kibanja cha Bukoba

Tangu msimu uliopita ofisi yetu imepokea maswali mengi yafananayo: baba amefariki, mikarafuu imebaki, ndugu ni saba, mmoja ataka kuuza na sita hawataki. Je, mwenye haki ni nani? Sisi hatuna mamlaka ya Kadhi wala ya hakimu, kwa hiyo hatutoi hukumu. Lakini tumeona ni vema katika toleo hili tueleze habari za wakulima wenzetu wa Kemondo na nchi ile yote iliyo kati ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Wao nao wamelelewa na zao moja la biashara, nalo ni kahawa, na ugomvi wao mmoja wa shamba la urithi uliondoka kijijini ukafika Mahakama Kuu.

Kemondo ni bandari katika Ziwa Viktoria, kusini ya mji wa Bukoba. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1970 walikuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, ya zamani sana, kupita miaka 1,500. Basi nchi ile haikuanza kufanyiwa kazi jana wala juzi.

Shamba la Mhaya huitwa kibanja. Ndani yake mna migomba, mibuni na maharage, na nyumba imo humo humo. Nje ya vibanja ni rweya, yaani mbuga ya majani, ambayo ardhi yake ni dhaifu, kwani mvua za upande ule wa ziwa ni nyingi mno nazo huosha rutuba na kuizamisha chini. Mtu atauliza: ikiwa ardhi ni dhaifu, migomba ile yastawije? Jibu ni kwamba udongo wa kibanja umetengenezwa na watu. Kizazi baada ya kizazi majani yamekatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, na samadi ya ng'ombe waliolishwa huko rweya imeletwa na kumwagwa kibanjani. Ng'ombe wakipungua, na majani yakikosa mkataji, migomba hudhoofu na kibanja huanza kurudi kuwa mbuga. Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kwa kuwa ndilo lifumbualo mengine yote. Anunuaye kibanja hanunui eka tupu. Anunua migongo ya mababu na mabibi walioinama hapo miaka mia. Na tuseme kweli: katika kuinama huko, sehemu kubwa ya palizi na ya kutandaza majani ilikuwa ya wanawake.

Tena wafu wa Kihaya huzikwa kibanjani. Kabla ya kuwako hati yo yote ya karatasi, kaburi la babu ndilo lililokuwa shahidi. Kwa hiyo kumwuzia mgeni shamba la ukoo kulihesabiwa kama kumwuzia makaburi. Mwanamume aliyetaka kuuza ilimpasa awaambie watu wa ukoo wake kwanza, na kama aliuza bila ya idhini yao, wao waliweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mrithi mkuu aliitwa omusika, naye alikuwa mtoto wa kiume. Binti aliweza kupewa shamba la ukoo ale matunda yake maisha yake yote, lakini kuuza hakuruhusiwa kabisa. Mila hiyo haikukaa midomoni mwa wazee tu; iliingizwa katika maandishi ya Serikali juu ya sheria za mila mwaka 1963.

Si ukoo peke yake uliomsumbua mwenye kibanja. Kulikuwa na jambo liitwalo nyarubanja: Mukama, yaani mfalme, aliweza kumtunukia jamaa yake au mtumishi wake vibanja vya watu, pamoja na watu wenyewe waliomo. Mtu alilala ni mwenye shamba, akaamka ni mpangaji katika migomba aliyoachiwa na baba yake, na watoto wake wakazaliwa wapangaji. Nyarubanja ilifutwa kwa sheria mwaka 1965. Na katika mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizikataa kwa ghasia amri za Waingereza juu ya utunzaji wa mibuni, kwa hofu kwamba mibuni yao itakuja kung'olewa. Wazee wetu hawatasahau kwamba mwaka huo huo ndio ulioanza hapa kwetu mgomo wa wafanyabiashara wa karafuu. Zao lilikuwa mbali na zao, lakini wakulima wa pande zote mbili walikosa usingizi pamoja.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wasia ulio halali. Akazeeka, akawa hana wa kumtunza. Mwezi wa Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku ya pili yake, mtoto wa ndugu yake akafungua madai katika mahakama ya mwanzo: shangazi ni mwanamke, na mwanamke hana uwezo wa kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Bibi akakata rufani katika mahakama ya wilaya, akashinda, kwani hakimu alitazama haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ambazo mtu aliweza kuzidai mahakamani tangu Machi 1988, yaani miezi mitano tu kabla ya shamba kuuzwa. Mpwa akapanda Mahakama Kuu, Mwanza.

Jaji Mwalusanya alitoa hukumu yake Februari 1990. Alisema mila imzuiayo mwanamke na kumwacha mwanamume ni ubaguzi, nao Katiba yaukataza. Mauzo yale yalikuwa halali. Lakini, na hapa ndipo wengi husimulia nusu, hakuung'oa ukoo. Alisema kanuni iwe moja kwa wote: akiuza mwanamume au mwanamke bila ya idhini, ukoo una haki ya kukomboa kwa kulipa bei ile ile. Mpwa akitaka shamba alete shilingi 300,000. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa hukumu ya busara, kwani ilimwuliza mpwa swali ambalo alipaswa kuulizwa tangu mwanzo: kama shamba la babu lilikuwa ghali hivyo moyoni mwake, mbona shangazi alikosa wa kumtunza?

Hukumu hiyo ilikuja wakati mgumu. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilijaza vibanja makaburi mapya. Wajane wengi walinyang'anywa mashamba na ndugu za waume zao, na nyanya wakabaki na wajukuu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka wazi kwamba mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi ni batili. Hata hivyo, wajane wawili wa Bara walipozishitaki zile kanuni za urithi za mwaka 1963, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba ni za ubaguzi, ila ikakataa kuzifuta.

Kwetu mambo ni mengine kwa sehemu. Fungu la binti limetajwa katika Kurani, nalo ni mali yake, auze au aweke. Kaka hampi kwa hisani. Wasia haupiti thuluthi, na mrithi haongezewi kwa wasia ila warithi wenzake waridhie. Lakini shida zetu nasi tunazo. Kwetu miti yaweza kuwa ya mtu na ardhi ya mwingine, na mwenye eka tatu za Serikali hana mamlaka juu ya ardhi ile kama aliyenayo mtu juu ya mali aliyonunua. Tena mkarafuu hukaa miaka sita au minane kabla ya kuzaa, kisha huishi umri wa mtu na zaidi, hata mjukuu huchuma mti ambao hakumjua aliyeupanda. Tumeona mashamba ambayo urithi haukugawanywa vizazi viwili: kila msimu huchuma aliye karibu, na dada zake waliolewa vijiji vya mbali hawaletewi hata pishi moja.

Basi mwanachama aliye na shamba la marehemu lisilogawanywa na alete ofisini mambo matatu: majina ya warithi wote, wanaume na wanawake, hesabu ya miti izaayo na miche, na karatasi yo yote ya ardhi aliyo nayo. Katibu atamsaidia kuandika maombi ya kupeleka kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ofisi hufunguliwa asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na ni afadhali mje kabla uchumaji haujaanza, kwani wakati wa msimu meza yetu hujaa hesabu za magunia.