"Run" ya Kiingereza na Mtego wa "Kimbia": Funzo la Polisemia kwa Mfasiri

Polisemia ni hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana. Katika Kiingereza, mfano bayana ni kitenzi "run". Mnamo mwaka wa 2011 iliripotiwa kwamba wahariri wa Oxford English Dictionary walikuwa wamebainisha maana 645 za kitenzi hicho, na hivyo kukipiku "set", kilichokuwa na maana takriban 430 katika toleo la pili la mwaka wa 1989.

Maana ya msingi ya "run" ni kwenda mbio kwa miguu. Kutokana nayo, dhana ya mwendo imepanuliwa kisitiari. Kiingereza hutumia neno hilo hilo pale ambapo Kiswahili husema kwamba mto hutiririka, kamasi humtoka mtoto, nguo huchuja rangi, injini hunguruma, barabara hupitia kijijini, meneja huendesha kampuni na mwanasiasa huwania kiti.

Hapo ndipo mfasiri chipukizi hunaswa. "Kimbia" huoana na "run" katika maana ile ya msingi, lakini pia huwa na maana ya kutoroka hatari; ndiyo sababu mnyambuliko wake umezaa "mkimbizi" na "kimbilio". Anayeandika kwamba mwanasiasa "anakimbilia urais" humpa msomaji taswira ya mtu anayesaka hifadhi, si ya mtu anayeomba kura. Nchini Kenya, anayegombea pamoja na mwaniaji wa urais huitwa "mgombea mwenza", wala si "mkimbiaji mwenza", ingawa istilahi ya Kiingereza imejengwa juu ya "run". Waliotumia istilahi hiyo walifasiri dhana, hawakufasiri neno.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuhitaji vitenzi vingi mahali pa kimoja. Nacho kina "piga": mtu hupiga simu, pasi, picha, kura, deki, mbizi, hodi na hata chafya. Mgeni akishikilia maana ya kuchapa peke yake, atashangaa simu imekosa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, mfasiri hana budi kujiuliza: Mtenda ni nani? Kitendwa ni kipi? Muktadha ni upi? Maana ya kitenzi cha aina hii hudhihirishwa na maneno yanayoandamana nacho. Anayelipuuza hilo huandika maneno ya Kiswahili, lakini matini yake hubaki ya Kiingereza.