'Real' ya Madrid ni ndugu wa riale ya Unguja

Kila Real Madrid wanapokutana na Barcelona, baraza za Kikwajuni huwa na mechi mbili: ya kwenye TV na ya maneno. Shabiki wa Madrid atatamba: "Sisi ndio Real, timu ya kweli, nyie wengine feki!" Wa Barca, kwa kuwa Kiingereza nacho kinasema hivyo, hubaki kimya.

Asikae kimya bwana. Hilo ni goli la kuotea.

Kihispania kina "real" mbili zinazoandikwa sawasawa. Moja ni "kweli", inatoka kwenye neno la Kilatini "res", yaani kitu. Ya pili, ndiyo hiyo ya Bernabéu, maana yake "ya kifalme". Inatoka kwenye "regalis", na mzizi wake ni "rex", mfalme. Waingereza wamelirithi neno hili mara mbili: "regal" waliichukua kwenye Kilatini, "royal" ikawafikia kupitia Kifaransa.

Klabu ilianzishwa 1902 ikiitwa Madrid tu. Cheo cha Real ilipewa na Mfalme Alfonso XIII mwaka 1920, wakati Real Sociedad walishapata chao tangu 1910. Na cha kupewa hunyang'anywa. Mfalme alipoondoka 1931 na Hispania ikawa jamhuri, Real ikafutwa, na taji likatolewa kwenye nembo. Jina halikurudi mpaka 1941.

Sasa sisi Waunguja tunaingiaje hapo? Kwa mfukoni. Wahispania waliiita sarafu yao ya fedha "real", yaani ya mfalme. Ikasafiri na biashara, Waarabu wakaiita "riyal", nasi tukasema riale. Seyyid Barghash alipotoa sarafu zake mwaka 1882, zilikuwa riale. Wenye ndugu Muscat wanaijua mpaka leo, maana ndiyo pesa ya Oman. Hata Brazili, pesa yao inaitwa real.

Basi wewe wa Barca, ukitambiwa tena jibu unalo: Real si ukweli, ni cheo cha mfalme. Nani wa kweli, tutajua baada ya dakika 90.

Na wewe wa Madrid, usinune. Jina la timu yako lilikuwa likihesabiwa madukani Unguja kabla klabu yenyewe haijazaliwa.