Je, Wajua? Ndizi, Vinasaba na Moyo

Je, wajua kwamba ndizi na maharage, chakula cha kila siku huko Masama, Kilimanjaro, vimeshaonekana vikifanya kazi ndani ya damu? Watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema kutoka mjini na vijijini Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili wakapewa soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea vyakula hivyo vya mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage na mboga za majani. Wiki mbili tu! Kwa waliohamia soseji, protini zinazoashiria uchochezi mwilini zilipanda, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye ndizi, uchochezi ulipungua. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, nayo yanagusa moyo moja kwa moja, maana uchochezi usiokwisha huchangia mafuta kujijenga kwenye kuta za mishipa yake.

Kundi la tatu lilikunywa mbege kila siku kwa wiki moja, na uchochezi ukashuka vilevile. Huenda siri iko kwenye ndizi na ulezi vilivyochachuka. Hata hivyo mbege ni pombe, na jaribio la wiki moja halitoshi kumruhusu mtu kuinywa kama dawa.

Vinasaba je? Utafiti wa mwaka 2022 uligundua kuwa vinasaba vinavyoongoza kinga ya Watanzania vinatofautiana na vile vilivyoonekana kwa Wazungu. Ndiyo maana vipimo vya Ulaya pekee havitutoshi.

Na wajua kuhusu lipoprotini(a)? Ni chembe ya mafuta kwenye damu inayoongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, na kiwango chake huamuliwa zaidi na vinasaba. Madaktari wengi waliamini chakula hakiigusi. Lakini katika utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania, wavuvi wa Ziwa Nyasa walilinganishwa na wakulima wa milimani wasiokula samaki, watu wa asili moja. Wavuvi walikuwa nayo pungufu kwa zaidi ya theluthi, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za kurithi.